Sili nyama, na kuku naye ni nyama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi siyo mwandishi, ni dereva, kwahiyo mtanisamehe nikiandika kama ninavyoongea. Majuzi kwenye ukurasa huu huu wa barua kuna msomaji alisema vijana wanaoacha nyama wameiga wazungu na kwamba mwanaume asiyekula nyama apelekwe akapimwe akili. Niliisoma nikiwa kwenye foleni ya mizani nikacheka peke yangu, utingo wangu akauliza bosi vipi, nikamsomea, naye akacheka, ila yeye alikuwa ananicheka mimi.

Ni Mchaga wa Marangu, naishi Kimara, na huu ni mwaka wa tano sijaweka mdomoni nyama, samaki, maziwa wala yai. Wenyewe wanaita vigani. Mi hilo jina silitumii sana kwa sababu ukilitaja tu lazima usimame robo saa unaeleza, na mwisho wa maelezo mtu anakuuliza sasa unakula nini, majani?

Ilivyoanza nitasema kwa kifupi maana sijaja kuhubiri. Nilikaa miaka mitatu kwenye fuso la ng'ombe, Shinyanga mpaka Dar kupitia Singida na Dodoma, kwanza utingo halafu dereva. Ng'ombe anasimama njia nzima, akichoka akalala wenzake wanamkanyaga, kwahiyo utingo anapanda juu anamnyonga mkia mpaka ainuke. Mikono hii hii. Usiku mmoja tulipata pancha karibu na Manyoni, kimya kabisa, nikawa nasikia tu wanavyopumua juu yangu wakati nafungua nati. Sikulia wala sikuota ndoto, lakini supu ya kesho yake asubuhi ilinishinda, na iliyofuata ikanishinda, basi ikawa hivo.

Kuacha kwenyewe hakukunisumbua. Wiki mbili tatu mwili ushazoea. Shida ilikuwa watu Mhariri, na hapa ndo nataka niongee na wale wanaotaka kuacha halafu wanaogopa, maana najua wapo, wananiuliza pembeni kwa sauti ya chini kama wananunua bangi.

Madereva asubuhi tunakunywa supu. Ndo hapo tunapopeana habari, wapi kuna matrafiki, wapi daraja limekatika, nani anatafuta gari la kupakia. Dereva asiye na bakuli mbele yake ni kama hajafika. Nikajua nikisema sili watasema kaishiwa, au kaokoka, au kawa Msabato, au Rasta, na mbaya kuliko zote watasema mganga kampa masharti, maana kwa dereva ambaye gari lake halijapinduka miaka yote hiyo masharti ya mganga ndo jibu la kwanza kwenye kichwa cha kila mtu. Kwahiyo nikatunga uongo. Nikasema daktari kanikataza, nina gauti.

Uongo ule ulifanya kazi mpaka ukanitisha. Hakuna aliyenibishia, hakuna aliyenicheka, wakanihurumia. Yaani ukiacha nyama kwa sababu unaumwa wewe ni mgonjwa mwenzetu, ukiacha kwa sababu umeamua wewe unaringa. Ila mwezi haujaisha habari ikafika kwenye grupu la ukoo. Dada yangu akaniweka kwenye maombi, tajiri mwenye gari akaniita kuniuliza kama mguu bado unakanyaga breki vizuri, mama akapiga simu analia. Halafu shangazi yangu mmoja ambaye anajua magonjwa yote akatuma unga wa mlonge kwa basi pamoja na ujumbe kwamba mwenye gauti haruhusiwi maharage. Hebu fikiria. Nimeacha nyama, maziwa na mayai, nimebaki na maharage, na maharage nayo nimepigwa marufuku na shangazi. Nikienda kwao nalishwa wali na kabichi.

Mtu wa kwanza kumwambia ukweli hakuwa hata mke wangu, alikuwa mama ntilie mmoja barabara ya Morogoro ninapokula mchana. Alikuwa ameshaona kila siku naacha vinofu pembeni ya sahani navifunika na mfupa wa jirani. Siku hiyo akaja akasimama na mwiko mkononi, "baba, chakula changu kina nini?" Nikamwambia mama chakula chako hakina tatizo, mimi sili tu nyama, wala samaki, nimeamua. Akanitazama. "Sasa si useme mapema nikutolee maharage kabla sijachanganya mchuzi?" Akaondoka kwenda kuhudumia wengine. Miezi minne nilikuwa nasema uongo mpaka kwa mama yangu mzazi, kwa jambo ambalo huyu mama lilimchukua dakika moja, na tangu siku hiyo nikipaki tu ananiwekea maharage ya nazi, mchicha na ndimu pembeni.

Sasa kuna hili la lugha yetu, watu hawalisemi. Ukisema "sili nyama" wanakuletea kuku. Unasema hapana, wanashangaa kweli kweli, kuku siyo nyama kuku ni kuku. Nyama ni ng'ombe na mbuzi. Samaki ndo kabisa, dagaa wanahesabika karibu na mchicha. Na ukisema "nakula mboga tu" ndo umeharibu zaidi maana mboga ni kitu chochote cha kulia ugali, mtu anakujibu sawa leo mboga ni nyama. Kwahiyo ushauri wangu kwa anayeanza, usitumie jina la jumla, taja unachokula. Sema naomba wali maharage, naomba kisamvu cha karanga, naomba mihogo ya nazi. Ukitaja chakula wanakupa chakula, ukitaja msimamo wanakupa mdahalo.

Na mdahalo mwenyewe nimeshauharibu sana huko nyuma nakiri. Hofu inakufanya ushambulie kabla hujashambuliwa. Kuna siku tuko mezani watu sita wamekata mshikaki, mmoja akanitania kidogo tu, basi nikaanza kuwaelezea habari ya kunyonga mikia, na ng'ombe aliyefika Dar kavunjika mguu, nimeeleza mpaka mwisho. Rafiki yangu mmoja akasukuma sahani akasema umefurahi sasa? Hela yake ya jasho imeshalipwa. Alikuwa na haki. Mwezi mzima hatukusalimiana vizuri na ng'ombe hakuna aliyepona kwa ajili ya maneno yangu.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa Desemba. Mchaga anajua, ukikosa kwenda nyumbani Krismasi watu wanauliza kama umefungwa. Mbuzi anachinjwa, wanaume wanakaa kwenye migomba, nyama inakatwa inawekwa kwenye majani, na kila kipande kina mwenyewe kufuatana na ukubwa wako kwenye ukoo. Pale nyama siyo chakula tu, ni jina lako linatajwa. Ukiikataa umekataa kuwa mtoto wa pale. Kutoka Same mpaka Himo nilikuwa natunga hotuba kwenye usukani, mke wangu akaniambia wewe unaongea na nani?

Hotuba sikuitoa. Jina langu lilipoitwa nikasimama, nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikafunga jani langu, nikavuka mfereji nikampelekea bibi mmoja jirani yetu ambaye watoto wake hawakuja mwaka ule. Nikarudi nikakaa. Baba mkubwa akauliza nyama yako iko wapi, nikamwambia baba si mmenipa, basi nimeigawa. Kimya. Wazee wakatazamana. Kisha mmoja akasema mpe mbege. Na mbege Mhariri ni ndizi, ulezi, maji na gome la msesewe, hakuna mnyama yeyote aliyeguswa, nimekunywa na wazee mpaka jua linazama na kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kilipopita nilikipitisha kwa mwingine kama mtu anayepitisha sahani kanisani.

Nisiwadanganye kwamba yaliisha vizuri siku hiyo. Baba yangu siku mbili hakusema na mimi zaidi ya kuitikia shikamoo. Siku ya tatu mama alipika kiburu, ndizi na maharage, mzee akawa anakitazama, mwishowe akamwambia mama leta na mimi hicho, hiyo nyama imenijaa kwenye meno. Hakusema kitu kingine mpaka leo kuhusu hiyo habari. Na baba mdogo wangu mmoja bado anasema nimerogwa mjini, na yeye nimemwachia.

Kuhusu uzungu sasa. Neno vigani ni la wazungu nakubali, limetungwa Uingereza mwaka 1944 na akina Donald Watson waliokuwa hawataki hata maziwa. Lakini kitu chenyewe? Waorthodoksi wa Ethiopia kila Jumatano na Ijumaa na Kwaresma nzima wanafunga bila nyama, maziwa wala mayai, ukijumlisha funga zao zote kwa mwaka zinapita siku 180, na wana mlo mzima wa siku hizo, unakuja sinia na mchuzi wa shiro na dengu na mbogamboga juu ya mkate wao wa injera unashiba mpaka unasinzia. Huyo naye kaiga nani? Marasta wana chakula chao cha mimea wanakiita aitali. Hapa Dar kuna Wahindi ambao ukoo wao haujui ladha ya nyama, ingawa wao maziwa wanakunywa. Na bibi yangu aliyenilea alikuwa anakula makande, ndizi na mnafu wiki nzima, nyama ilikuwa sikukuu na mgeni. Anayekula supu ya ng'ombe kila asubuhi na kuku kila jioni ndo mgeni hapa, siyo mimi.

Kitu kimoja cha afya nisije nikalaumiwa. Maharage, kunde, choroko, karanga na soya vinatosha kwa protini, ila kuna vitamini inaitwa B12 ambayo kwenye mimea huipati ya kutegemea, na ini lina akiba yake ya muda mrefu, kwahiyo unaweza kudhani uko salama mwaka wa kwanza na wa pili halafu baadaye damu inapungua na miguu inapata ganzi. Mi nanunua vidonge duka la dawa, basi. Na ukila mchicha kamulia ndimu, madini ya chuma yanaingia vizuri, chai isubiri baadaye. Mama mjamzito au anayenyonyesha asiache kwa kunisikiliza mimi dereva, aongee na wa kliniki kwanza.

Mwisho nina ombi kwa kamati za harusi. Natoa mchango kama wengine, laki yangu kamili, nikifika ukumbini pilau lina nyama, ndizi zina nyama, kabichi imetiwa nyama ya kusaga sijui kwa nini, nabaki na kachumbari na soda. Maharage mnayapika, tena matamu, ila mwiko unatoka kwenye sufuria la nyama unaingia humo humo. Hatuombi meza yetu wala jina letu litajwe na MC. Mwiko tu.

Mwezi wa nane anaoa mdogo wangu na safari hii mwenyekiti wa kamati ni mimi. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ipo, nimeilipia mwenyewe, shangazi kashaniuliza mara tatu kama kweli. Na mpishi nimeshamnunulia miko miwili mipya, mmoja nimeufunga utepe mwekundu.

Dereva wa Kimara,
Dar es Salaam