Chekhov hakuhutubia kitandani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nimjibu mhakiki wenu aliyeisifu riwaya fupi inayosimulia siku za mwisho za Anton Chekhov, bingwa wa hadithi fupi na tamthilia wa Urusi, nchini Ujerumani. Nimeisoma mara mbili, na sina ugomvi na mwandishi kwa kubuni, maana hiyo ndiyo kazi ya riwaya. Ninachomlaumu ni kubuni pale ambapo kumbukumbu zilizopo zimekwisha kumzidi kete.

Katika sura ya mwisho Chekhov anazungumza karibu kurasa tatu mfululizo juu ya sanaa, Urusi na umauti. Mtu ambaye mapafu yake yameliwa na kifua kikuu hapati pumzi ya kurasa tatu, na yeye, aliyekuwa daktari, alilijua hilo vizuri. Habari za usiku ule wa Julai 1904 katika mji wa Badenweiler tumezipata hasa kwa mkewe, mwigizaji Olga Knipper, aliyesimulia kwamba mumewe aliomba mwenyewe aitiwe daktari, akamwambia kwa Kijerumani "Ich sterbe", yaani ninakufa, kisha akapokea bilauri ya shampeni, akatabasamu, akasema ni siku nyingi hajainywa, akaimaliza yote, akajilaza kwa ubavu wa kushoto na kunyamaza. Alikuwa na umri wa miaka 44. Hotuba ingeongeza nini hapo?

Wiki hizohizo alimwandikia dada yake Maria akilalamika kwamba wanawake wa Kijerumani hawajui kuvaa. Barua hiyo haimo riwayani, labda kwa kuwa ilionekana nyepesi mno kwa mtu anayekaribia kufa. Kwangu mimi huyo ndiye Chekhov hasa, hajiwezi lakini jicho lake halijaacha kuchungulia wapita njia. Wala halimo lile behewa la kubebea chaza lililorudisha maiti yake Urusi, jambo lililomkera sana mwandishi mwenzake Maxim Gorky. (Marehemu mwenyewe, nadhani, angecheka.)

Olga naye amepewa kazi ya kupanga mito na kulia. Mwandishi akijaliwa toleo la pili, namwomba azifute zile kurasa tatu na amwachie mama huyo aseme, kwani bila yeye tusingekuwa hata na ile bilauri.

Wasalaam,
Msomaji wenu