Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kumsoma Selma Meerbaum-Eisinger

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliamua tuache kurukaruka, mwaka mzima uende kwa mshairi mmoja. Kamati ilimteua Selma Meerbaum-Eisinger, binti wa Kiyahudi aliyezaliwa mwaka 1924 katika mji wa Cernăuți, wakati huo ukiwa Romania, aliyeandika kwa Kijerumani na kufariki tarehe 16 Desemba 1942 akiwa na miaka 18. Kazi yake iliyosalia ni albamu moja iliyoandikwa kwa mkono yenye mashairi 57: 52 ya kwake, na 5 aliyoyatafsiri kutoka Kifaransa, Kiromania na Kiyidi.

Kazi hii mtu anaimaliza jioni moja, na wepesi huo ndio mtego. Msomaji huanza na habari ya kambi ya kazi ngumu alikofia, halafu anarudi kwenye mashairi akiwa na jibu mkononi: kila jani linalodondoka linakuwa kifo, kila usiku unakuwa maangamizi. Kamati haikubaliani na usomaji huo. Shairi la kwanza katika albamu lina tarehe ya mwaka 1939, mwandishi akiwa na miaka 15, na sehemu kubwa ya yanayofuata ni ya msichana anayempenda kijana asiyempa jibu la kuridhisha, anayetembea kwenye mvua na kuangalia miti. Kuyasoma yote kama wosia ni kumnyang'anya ujana wake mara ya pili.

Kwa hiyo vikao viliendeshwa kwa utaratibu mmoja, nami nashauri uendelee. Mashairi manne kwa kikao, yasizidi. Kabla ya kusoma kwa sauti, nakili tarehe iliyo chini ya shairi, kisha andika pembeni yake mji ulikuwa chini ya nani siku hiyo. Hadi Juni 1940 ni Romania. Kuanzia tarehe 28 Juni 1940 ni Wasovieti. Mwanzoni mwa Julai 1941 Waromania wanarudi, na Wajerumani pamoja nao. Tarehe 11 Oktoba 1941 Wayahudi wanafungiwa geto, yaani mtaa wa kuwatenga na wengine. Usitegemee mpangilio wa kurasa, shika tarehe. Ukifanya hivyo, sauti inavyobadilika utaisikia mwenyewe bila mhadhiri kukuelekeza.

Mfano uliotusaidia kuliko mingine ni shairi la Septemba 1939 kuhusu kastani, mti unaopandwa kandokando ya njia katika miji ya huko na kuangusha mbegu ngumu za kahawia msimu wa joto unapokwisha. Mbegu zimetawanyika njiani, zimechoka, zinang'aa, zina tabasamu la mdomo laini. Msichana anaokota moja, anaipapasa kiganjani kama mtoto mchanga, anaukumbuka mti wake na upepo ulioimba polepole majanini. Halafu anaona kwamba hii aliyoishika haing'ai kama zile nyingine: imefifia, ina usingizi kama mchanga unaomponyoka vidoleni. Anaendelea kutembea, hatua baada ya hatua. Basi. Vita vya Ulaya vina wiki chache tu tangu vianze, lakini havijaingia katika shairi, na hakuna sababu ya kuvisukumiza ndani. Ufundi uko katika lile jicho linaloona mbegu moja imefifia.

Nyimbo za kubembeleza zilileta ubishi mkali zaidi. Selma anazo kadhaa: ya kumlaza mpenzi, ya kujilaza mwenyewe, na moja ya kuilaza hamu yake. Baadhi yetu waliziona za kitoto. Zikisomwa kwa sauti hukumu hiyo haisimami, kwa sababu mapigo ni ya wimbo wa kulaza mtoto lakini anayeimba ndiye asiyepata usingizi. Aliwasoma sana washairi Heine, Rilke, Verlaine na Tagore, na athari zao zinaonekana wazi hapa. Wenye kupenda vina na mizani wataona pia kwamba anavifahamu vizuri, na anajua pa kuukata mshororo mfupi ili pumzi ikwame.

Shairi maarufu kuliko yote, la tarehe 7 Julai 1941, tuliliacha hadi zamu yake ifike. Ni siku chache baada ya majeshi kuingia mjini na mauaji kuanza. Linaanza taratibu kwa miti na mwezi, kisha linapasuka: anataka kuishi, kucheka, kubeba mizigo, kupenda, kuchukia, kuishika mbingu kwa mikono, na hataki kufa. Aliyekwisha kupitia mashairi ya miaka miwili iliyotangulia anajua ni kitu gani hasa msichana huyu hataki kunyang'anywa. Aliyeanza na hili huambulia mayowe tu.

Shairi la mwisho ni la tarehe 23 Desemba 1941. Chini yake Selma aliandika kwa penseli nyekundu kwamba hakupata muda wa kumaliza kuandika.

Naeleza yaliyofuata kwa kifupi, maana wanachama kadhaa waliuliza. Meya wa mji, Traian Popovici, alipinga kuhamishwa kwa Wayahudi, na maelfu walipata vibali vya kubaki. Uhamisho ulianza tena Juni 1942, na tarehe 28 Selma, mama yake na baba yake wa kambo walichukuliwa hadi Transnistria, eneo lililokuwa chini ya Romania kati ya mito Dniester na Bug. Kwanza waliwekwa kwenye machimbo ya mawe. Agosti walivushwa mto Bug. Ng'ambo ile ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa sana. Katika kambi ya Michailowka wafungwa walitumikishwa kujenga barabara. Selma aliuawa na taifasi, homa inayoenezwa na chawa wa mwilini. Tafadhali isichanganywe na taifodi, kwani chanzo chake hapa ni msongamano na kukosa mahali pa kufulia nguo. Mchoraji Arnold Daghani, mfungwa mwenzake, aliandika kifo hicho katika shajara yake na kuchora mwili ukiteremshwa kutoka kitandani.

Albamu ilisalimika kwa kupita mikononi. Selma alimtunukia Leiser Fichmann, yule kijana wa mashairi, na marafiki wakamfikishia kambini alikokuwa akitumikishwa. Kabla ya kupanda Mefküre, meli ya Wayahudi waliokimbilia Palestina, Leiser aliirudisha kwa marafiki hao. Meli ilizamishwa katika Bahari Nyeusi mwezi Agosti 1944, naye akafa. Rafiki wa Selma, Renée, aliibeba ndani ya shanta akivuka Ulaya hadi Israeli. Shairi moja lilichapwa Berlin Mashariki mwaka 1968. Kitabu kizima kilitoka mwaka 1976 huko Rehovot, kwa gharama za Hersch Segal, aliyekuwa mwalimu wake. Mwaka 1980 mwandishi wa habari Jürgen Serke alikitoa Ujerumani, na hapo ndipo wasomaji wengi wakaanza kumjua.

Kuhusu maktaba: waliorudi mikono mitupu walitafuta jina moja tu. Tafuta Meerbaum-Eisinger, kisha Meerbaum, kisha Eisinger, kisha Merbaum, tahajia iliyomo katika nyaraka za zamani na inayotumiwa na wasifu uliotolewa na Marion Tauschwitz mwaka 2014. Mji nao una majina mengi: Cernăuți, Czernowitz, na leo Chernivtsi nchini Ukraine. Vitabu vya zamani vinataja Agosti kuwa mwezi wa kuzaliwa, vipya vinataja tarehe 5 Februari; fuata vipya. Tena, mshairi Paul Celan ni ndugu yake wa mbali kupitia ukoo wa Schrager. Wapo wanaomwita kaka yake. Si kweli.

Kamati inaleta hoja mbili. Ya kwanza: fedha za vitabu za mwaka ujao zinunue kwanza toleo la Kijerumani lililo na tarehe za mashairi yote, ndipo tufikirie tafsiri, tafsiri isiyo na tarehe isinunuliwe hata ikiwa rahisi. Ya pili: mashairi 5 aliyoyatafsiri, ambayo mwaka huu hatukuyafikia, yafunguliwe katika kikao cha kwanza. Mwenye kujua Kiromania au Kiyidi aandikishe jina kwa katibu kabla ya kikao hicho.