Risala ya Wafanyakazi wa Kiwanda cha Mbao kwa Mkuu wa Wilaya ya Mufindi, Siku ya Kukabidhi Madawati, Mafinga

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mkurugenzi wa kiwanda chetu, Mwalimu Mkuu na walimu, wazazi na wanafunzi,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kupokea madawati haya. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, madawati haya tumeyachagua sisi wafanyakazi. Zamani barua ya kuomba msaada ilifika ofisini, Mkurugenzi akaandika kiasi, nasi tukaja kuona picha ukutani. Nia ilikuwa njema. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wanaolala kwenye kitanda hiki ni sisi: watoto wetu wanasoma hapa, wake zetu wanajifungulia kituo cha afya cha hapa. Mwaka jana Mkurugenzi alitukusanya uwanjani kabla mashine hazijawashwa, akasema ametenga sehemu ya faida kwa ajili ya jamii, na kwamba sisi ndio tutakaosema iende wapi.

Kila idara ilileta pendekezo, yakachujwa yakabaki matatu: magodoro ya wodi ya wazazi, pampu ya kisima na madawati. Tukaweka makopo matatu ya rangi kwenye benchi la kunolea misumeno, nyuma ya turubai, na ndani tukatia maranda ili mlio usisikike nje. Kila mmoja alipewa msumari mmoja, akaingia peke yake, akautumbukiza kwenye kopo alilotaka. Mwendesha msumeno alikuwa na msumari mmoja, mama anayebeba mabanzi msumari mmoja, na Mkurugenzi naye alipanga foleni akapokea wake.

Kabla ya kura, mama mmoja wa stoo alisimama akasema mwanawe wa darasa la pili anaandikia magotini, na kila jioni anarudi na sketi nyekundu kwa vumbi la sakafu. Maneno yale yalituchoma. Tunaishi kando ya Sao Hill, shamba la miti la Serikali kubwa kuliko yote nchini. Malori ya mbao yanapita hapa kwenda Dar es Salaam usiku na mchana, na watoto wa wapasua mbao wanakaa chini! Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 madarasa yalifurika, na mwaka ule ule nchi nzima ilihimizwa kuchangia madawati. Mengi ya wakati ule yamechakaa, na watoto wanazidi kuandikishwa.

Kwa kuwa chaguo lilikuwa letu, kazi nayo tuliifanya wenyewe, Jumamosi mchana, bila posho. Mbao ni za msindano, zimekaushwa vizuri. Fundi wetu wa randa aliyarudisha madawati yaliyotengenezwa kwa mbao mbichi, kwa sababu mbao mbichi ikikauka inapinda na misumari inachomoza, na mtoto ndiye anayechanika. Pitisha mkono kwenye kona yoyote, Mheshimiwa, utaona zimepigwa msasa.

Tunayo maombi. La kwanza tunalielekeza kwa Mkurugenzi wetu, mbele yako: vibarua hawakupiga kura kwa kuwa hawamo kwenye orodha ya mishahara, ingawa nao wanabeba magogo yale yale na watoto wao wako hapa. Tunaomba safari ijayo nao wapewe msumari.

La pili ni kwako. Maombi ya michango yanatoka ofisi nyingi, na kila moja linaitwa la haraka. Tunakuomba, kwa heshima, fedha iliyotengwa kwa kura ya wafanyakazi iachwe iende ilikochaguliwa. Akija mtu kuihamisha kwa simu, mwakani hakuna atakayejisumbua kupiga kura.

La tatu, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inampa mfanyabiashara nafuu kwa michango ya hisani, ndani ya kiwango kilichowekwa. Nafuu hiyo inahitaji ushahidi wa maandishi. Tunaomba shule na vituo vya afya vielekezwe kutoa nyaraka za mapokezi siku ile ile, ili wamiliki wengine wa viwanda hapa Mafinga nao wavutike.

Pampu na magodoro bado tunavikumbuka. Vitarudi kwenye makopo mwakani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.