Sefu ya bastola isiyofungwa kwenye zege ni mzigo wa kubebeka

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu wanaoishi na silaha majumbani kwa vibali halali, niseme na wanaowauzia masefu, na pia niseme na Jeshi la Polisi. Mimi si askari na sijawahi kufyatua risasi. Nauza vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani, Tanga: saruji, nondo, misumari, bolti. Mume wangu anamiliki bastola kwa kibali kwa ajili ya biashara ya machungwa, ambayo humpeleka Muheza akiwa na fedha za wakulima mkononi. Kwa hiyo jambo hili nalijua kama mama mwenye nyumba, na nalijua pia kama mtu anayefahamu chuma kinashika wapi na wapi hakishiki.

Mtu anahangaika miezi kadhaa kutafuta kibali. Anaanzia serikali ya mtaa, maombi yanapita kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, yanakwenda mkoani, tabia yake inaulizwa. Akishapata silaha anaingia dukani, ananunua sefu ndogo ndani ya dakika kumi, anaiweka kwenye rafu ya kabati la nguo chini ya mashuka, anajiona amemaliza kazi. Hajamaliza. Sefu ile ina kilo kumi au kumi na mbili. Mtoto wa darasa la saba anaibeba. Mwizi hana haja ya kujua namba wala kutafuta ufunguo. Anaikunja kwenye shuka hilohilo, anaondoka nayo, anakwenda kuikata kwa grainda mahali ambapo hakuna wa kumsikia. Kufikia asubuhi silaha iliyosajiliwa kwa jina lako iko mikononi mwa jambazi.

Hili limetokea mtaa wa pili kutoka kwetu. Wezi walichukua televisheni, mtungi wa gesi na sefu nzima. Kwa rehema za Mungu ndani mlikuwa na hati ya kiwanja na dhahabu za mama mwenye nyumba, si silaha. Nilipokwenda kumpa pole nilimuuliza kama sefu ilikuwa na matundu chini. Akasema yalikuwepo manne, yamezibwa kwa plastiki, na hakuna aliyemwambia ni ya nini.

Matundu yale ni ya bolti. Sefu bila bolti hizo ni boksi la bati tu. Watu wanadhani kazi ya sefu ni kutofunguka. Hakuna chuma kisichofunguka. Huko Marekani kuna daraja la masefu ya nyumbani ambalo jaribio lake ni mtu mmoja mwenye vifaa vya mkono, nyundo, bisibisi na mtaimbo, kuishambulia sefu kwa dakika 5. Ikimshinda kwa dakika hizo 5, imefaulu. Yaani sefu nzuri ya nyumbani kazi yake ni kumchelewesha mwizi, awe na hofu, majirani waamke, mbwa wabweke. Sasa ukimwacha aondoke nayo, umempa usiku mzima na kesho yake.

Tulipokwenda kununua ya kwetu, Kariakoo, nilifuatana na mume wangu kwa makusudi. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alinishikia sefu akaniambia, "Mama, chuma kizito hiki, nani ataondoka nacho?" Nikamjibu, "Mwanangu, mbona wewe umekishusha kutoka rafuni sasa hivi kwa mikono yako miwili?" Nikamwomba afungue boksi anioneshe bolti zake. Hazikuwemo. Kulikuwa na betri nne, funguo mbili za dharura na karatasi ya maelezo ya Kichina na Kiingereza. Kijana wa watu sina neno naye, naye kaletewa hivyo hivyo. Lakini kifaa cha kulinda silaha kinauzwaje bila kile kinachokifanya kilinde? Bolti nne za zege hazifiki bei ya kuku wa kienyeji.

Tukiwa palepale nilimwomba atufungie sefu tatu za kubonyeza namba, zote za bei ya chini. Nyingi za aina hiyo zina kijipini cha chuma kinachovutwa na sumaku ya umeme ukishaweka namba sahihi. Springi yake ikiwa dhaifu, kishindo kidogo kinatosha kukirusha, na mlango unafunguka bila namba yoyote. Nilizipiga moja moja kwa kiganja huku mume wangu anazungusha kitasa. Moja ilifunguka. Ilikuwa ndiyo nzuri kuliko zote kwa rangi. Mtoto mtundu anayecheza nayo atagundua jambo hilo kwa bahati mbaya, na baada ya hapo hakuna dua itakayorudisha nyuma. Naomba kila anayenunua afanye jaribio hilo mbele ya muuzaji kabla ya kutoa fedha. Tulichukua nyingine, ya ufunguo na namba pamoja, mlango wake mnene usiocheza ukiutikisa, na tuliongeza fedha bila kunung'unika.

Sasa kufunga. Hapa ndipo naona mafundi wanapowadanganya watu, au wanajidanganya wenyewe. Fundi akija atataka kuifunga ukutani, kwa sababu ni rahisi na inapendeza machoni. Mimi nauza saruji, najua tofali za mji huu zinavyofyatuliwa. Mfuko mmoja unatolewa tofali nyingi mno, mchanga unakuwa mwingi kuliko saruji, na ukuta wenyewe ukiukwangua kwa msumari unamwagika. Bolti ikiingia humo inashika plasta na vumbi. Mwizi anapenyeza mtaimbo nyuma ya sefu, anakandamiza, na sefu inatoka na kipande cha ukuta. Ukuta uwe wa nyongeza. Shina liwe chini, kwenye zege la jamvi, yaani la sakafu.

Kwetu tuliiweka kwenye kona ya chumba, ukuta kushoto na ukuta nyuma, ili mtaimbo usipate mahali pa kuingia. Tuliiondoa kwenye ukuta unaopakana na bafu kwa sababu ya mabomba na unyevu. Sakafu yetu ni ya vigae, kwa hiyo fundi alianza na keekee ya vigae, taratibu, drili isigonge, mpaka alipofika kwenye zege ndipo akabadilisha keekee na kuiwasha drili igonge. Ukianza na kugonga kigae kinapasuka na maji ya kudekia yanapata njia. Bolti zetu ni za milimita 12, zile zenye koti la bati linalotanuka ukikaza nati, na zimezama chini kiasi cha inchi tatu na nusu.

Kuna jambo moja ambalo fundi alitaka kuliruka nikamzuia. Tundu likishatobolewa linajaa unga wa zege. Ukiingiza bolti juu ya unga ule, koti linatanuka ndani ya unga, halishiki zege, na ukikaza linazunguka bure au linakaza uongo. Nilimletea pampu ya baiskeli. Akapuliza tundu la kwanza, unga ukamrukia usoni, akapuliza tena mpaka ikawa hewa tupu. Tulifanya hivyo kwa yote manne. Kisha sefu ikakalishwa, bolti zikapita ndani kwa ndani, nati zikakazwa kwa spana mlango ukiwa wazi. Nati zote ziko ndani, kwa hiyo asiyeweza kufungua sefu hawezi kuzifikia. Mume wangu aliishika kwa mikono miwili akaivuta kwa nguvu zake zote, na yeye si mtu mdogo. Haikutikisika.

Anayefunga sefu kwenye ubao wa kabati la nguo ajue mwizi atang'oa ubao. Na anayeishi nyumba ya kupanga amwombe mwenye nyumba ruhusa ya matundu manne, atayaziba siku akihama.

Kwa sisi wa Pwani kuna adui mwingine, kutu. Ndani ya sefu hakuna hewa, kuna zulia, na zulia linatunza unyevu. Mfuko wa ngozi nao unatunza unyevu, hivyo bastola isilale ndani ya mfuko wake wa kiunoni. Mume wangu anaipaka mafuta kidogo na kuweka vile vipakiti vya chembechembe zinazofyonza maji, vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na anavibadilisha. Betri nazo zisisubiri kufa. Wapo wanaoniuliza dukani kama sefu ya namba itafunguka umeme ukikatika. Itafunguka, haitegemei Tanesco, inategemea betri zake, na betri za bei poa huvuja na kuharibu waya.

Nirudi kwenye watoto, kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi kuliko wezi. Nyumba zetu hazina watu wanne. Likizo ikifika wajukuu wanakuja, watoto wa shemeji wanakuja, Idi ikifika sebule inajaa. Mtoto anajua kila kitu cha nyumba. Anajua ufunguo uliopo nyuma ya picha ya harusi, uliopo chini ya godoro, uliopo ndani ya birika ambalo halitumiki. Hakuna maficho kwa mtoto. Ufunguo wa sefu ya silaha unakaa kwenye mwili wa mwenye kibali, au haukai nyumbani. Namba ambayo sefu imekuja nayo kutoka kiwandani ibadilishwe siku hiyohiyo, na isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, kwa maana mtoto ndiye wa kwanza kuijaribu. Risasi zikae mbali na bastola. Kwetu zimo kwenye kijisanduku cha chuma chenye kufuli lake, chumba kingine.

Mimi namba ya sefu ile siijui na nimekataa kuambiwa. Kibali si changu. Ufunguo wa dharura uko dukani, ndani ya sefu ya mauzo, umetiwa kwenye bahasha iliyogundishwa na mume wangu ameisaini juu ya gundi. Mwaka 2022, Serikali ilipotangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha wanazozimiliki isivyo halali, nilimuuliza mume wangu: ukitangulia wewe, ya kwako itafikaje polisi? Silaha hairithiwi kama shamba. Tukakubaliana kwamba siku hiyo bahasha ile nitaipeleka kituoni bila kuifungua, waje wafungue wao. Shemeji zangu wameambiwa hivyo mbele yake.

Najua wapo wasomaji wa Handeni na Kilindi watakaosema haya ni ya watu wa mjini. Wao wana bunduki ndefu za kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori na nyani, na hakuna sefu ya Kariakoo inayoweza kuimeza bunduki ndefu. Ni kweli. Wateja wangu wa huko wananiambia inakaa uvunguni imeviringishwa kanga, au juu kwenye kenchi. Kwa hao nasema, nendeni kwa fundi wa kuchomelea. Atengeneze sanduku la kusimama la pleti ya milimita 4, bawaba ziwe ndani, kufuli lifunikwe na kikombe cha chuma ili mkasi wa kukatia usilifikie, na chini aache matundu. Nyumba ikiwa ya udongo, chimbeni shimo, mimineni zege, na bolti zisimame humo kabla halijakauka. Mifuko miwili ya saruji inatosha na kubaki.

Jeshi la Polisi nawaomba jambo moja tu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ipo, na mwenye silaha anatakiwa aitunze kwa usalama. Lakini usalama huo mtu anauapa kwa mdomo. Uingereza, mtu akiomba kibali cha bunduki ya kuwindia, askari hufika nyumbani kuangalia kabati la chuma limefungwaje, na kabati zenyewe zina kiwango chake cha ubora, BS 7558. Hata mke asiye na kibali hatakiwi kuzifikia funguo. Sisi tunao polisi kata, wanazijua nyumba zetu kwa majina. Kabla mtu hajakabidhiwa silaha, polisi kata apite, aishike sefu, aivute. Ikija juu, silaha isubiri mpaka ifungwe. Haihitaji bajeti wala mashine.

Na wauzaji wenzangu, mlio Tanga, Dar es Salaam na Arusha mnaoleta mizigo hii kwa makontena: wekeni bolti nne ndani ya kila boksi, na karatasi moja ya Kiswahili inayosema matundu yaliyo chini ni ya nini.

Mama Salim,
Ngamiani, Tanga.