Pimeni adapta kwanza

Mhariri,

Nawasihi wenye Commodore 64, zile kompyuta za nyumbani zilizoanza kuuzwa mwaka 1982: msizichomeke kwenye umeme kabla ya kupima adapta. Hutoa volti 5 za DC (mkondo mnyoofu) na 9 za AC (mkondo geu); ikichakaa, zile 5 hupanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Juzi kijana kaniletea moja hapa Langoni, skrini nyeusi tii. Mita ilisoma karibu volti 7! Na hewa yetu ya chumvi nayo: miguu ya chipu imeota kutu ya kijani ndani ya soketi, nikaisugua polepole kwa mswaki na spiriti. Adapta kuukuu itupeni. Mashine yenyewe, tafadhalini, msiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu.

Fundi redio,
Langoni, Lamu