Barua ya Wazi kwa Msajili Mkuu wa Idara ya Mahakama: Tuambieni Ni Mahakama Ipi Iliyotusikiza

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa heshima yote inayostahili ofisi yako, na nimeichagua njia hii ya wazi kwa sababu barua za kawaida nilizopeleka katika masjala ya mahakama moja ya ukanda huu wa ziwa hupigwa muhuri wa kupokelewa, kisha hazisikiki tena. Muhuri wenyewe, kwa haki ya Mungu, husomeka vizuri sana.

Kilichonimaliza subira ni lililompata jirani yangu majuzi, mjane anayezozana na shemeji zake kuhusu mpaka wa shamba. Kesi yake ilisikizwa na hakimu, akashindwa, akaenda masjala kuuliza rufaa hupelekwa wapi. Alionyeshwa karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili kwamba rufaa dhidi ya uamuzi wa “mahakama ya mwanzo” hupelekwa Mahakama Kuu. Akalipa ada, akapeleka. Sasa ameelezwa kwamba Mahakama Kuu haina mamlaka juu ya mzozo wa ardhi, kwa kuwa Kifungu cha 165(5) cha Katiba ya Kenya kimeiondolea mamlaka hayo, na kwamba rufaa yake ilipaswa kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Maelezo hayo ni sahihi kabisa. Ninachouliza ni kwa nini usahihi huo ulisubiri hadi pesa zake zilipokwisha kupokelewa.

Mimi yalinikuta kwa upande wa pili. Kesi yangu ya ardhi haikupitia kwa hakimu; ilianza na kuamuliwa katika hiyo hiyo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Nilipouliza masjala kuhusu rufaa, nikaambiwa kwamba kutoka mahakama iliyosikiza kesi nina siku 30. Siku hizo 30 zipo kweli, katika kifungu cha 79G cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, lakini zinahusu rufaa zinazotoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu. Mimi nilipaswa kwenda Mahakama ya Rufaa, na kanuni za mahakama hiyo zinataka ilani ya rufaa iwasilishwe ndani ya siku 14 tangu uamuzi kutolewa. Nilipofika na karatasi zangu, siku hizo 14 zilikuwa zimepita. Leo natakiwa kuomba niongezewe muda, ombi ambalo majaji wanaweza kulikubali au kulikataa, na wakili hafungui faili bila malipo. Ng'ombe wa maziwa ameuzwa, sehemu ya mpunga nimeikodisha kwa mtu mwingine, na aliyenishinda ameshaingiza trekta.

Mheshimiwa, unajua kuliko mimi kwamba mahakama ya kusikiza kesi mara ya kwanza haitambuliwi kwa jengo wala kwa cheo cha aliyekaa mbele, bali kwa kesi yenyewe: ni ile iliyopokea madai yakiwa mapya, ikaita mashahidi, ikawatazama wakijibu maswali, ikatoa uamuzi wa kwanza. Jaji yule yule wa ardhi anaweza kusikiza kesi yangu asubuhi kama mahakama ya kwanza, na alasiri, katika chumba kile kile, akasikiza rufaa ya jirani yangu. Hata Mahakama ya Juu, ambayo hakuna anayethubutu kuiita ya chini, ndiyo ya kwanza na ya mwisho pale ushindi wa rais unapopingwa, kama tulivyoona mwaka wa 2013, 2017 na 2022. Kwa hiyo karatasi za masjala zinapoandika “mahakama ya chini” hapa, “mahakama ya mwanzo” pale, na “mahakama iliyosikiza kesi” kwingineko, kana kwamba zote ni kitu kimoja na kitu hicho ni mahakama ya hakimu, mtu hupotezwa akiwa mlangoni.

Nashuku kwamba “mahakama ya mwanzo” imeokotwa katika maandishi ya Tanzania, ambako hilo ni jina la mahakama za ngazi ya chini kabisa. Ndugu zetu wa Musoma wanazo, sisi hatuna. Au pengine aliyeandaa karatasi zile ni mtu wa kesi za jinai ambaye hajawahi kukanyaga mahakama ya ardhi. Sijui mkono ni wa nani, najua tu uliowaangukia.

Wala usidhani ni ugomvi wa maneno. Rufaa ya kwanza ndiyo inayoruhusu ushahidi wote upimwe upya, jambo ambalo mahakama zetu zimelishikilia tangu uamuzi wa rufaa ya Okeno dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1972. Rufaa ya pili hubaki kwenye hoja za sheria peke yake. Asiyejua ni wapi kesi yake ilisikizwa mara ya kwanza hajui ni wapi ana nafasi ya mwisho ya kusema kwamba shahidi fulani alidanganya.

Mkataba wa huduma uliobandikwa ukutani unaahidi kutuhudumia kwa lugha tunayoielewa. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na Kifungu cha 48 kinaahidi haki kwa watu wote. Hata hivyo sheria ya mwenendo wa kesi za madai ingali inasema kwamba lugha ya Mahakama Kuu na ya Rufaa ni Kiingereza, na Kiswahili kimeachiwa mahakama zilizo chini yake. Yaani kadiri kesi inavyopanda na kuwa ya hatari zaidi, ndivyo tunavyozidi kunyamazishwa. Sikuombi ubadilishe sheria, hiyo ni kazi ya Bunge.

Nilikuwa nimekusudia kuomba mengi: karatasi zile ziondolewe, makarani wafunzwe, jirani yangu arudishiwe ada yake. Ada hiyo bado naiomba. Lakini kama ofisi yako ina nafasi ya jambo moja tu, basi liwe hili. Mtu anayehukumiwa na hakimu kwa kosa la jinai kwa desturi huambiwa papo hapo kwamba ana siku 14 za kukata rufaa. Mtupe na sisi wa madai mstari mmoja wa Kiswahili chini ya kila hukumu. Mstari mmoja, Mheshimiwa. Kwenye hukumu ya jirani yangu ungesema: “Kesi hii imesikizwa mara ya kwanza na mahakama hii ya hakimu, rufaa ipelekwe Mahakama ya Mazingira na Ardhi ndani ya siku 30.”

Wako mtiifu,
Mkulima wa mpunga, Ahero, Kaunti ya Kisumu