Malalamiko: Mlipewa Prado imelala upande, mkairudisha imelala na dharau juu

Kwa Meneja wa Huduma na wote mnaosimamia gereji,

Salamu. Natumai mko wazima.

Mambo ya nani ni nani sitarudia, faili yangu mnayo, jobu kadi zote mbili mnazo, na ile karatasi mmebandika kwa ukuta wa risepshoni ya kurudia kazi bure ndani ya siku 90 mliandika wenyewe, mimi sikuwashikia kalamu. Naandika juu ya ile Prado ya 2004 iliyokuwa inalala upande wa dereva, na juu ya vile niliongeleshwa Jumamosi ile. Hii barua nimeiandika mara tatu. Hii ndiyo ya tatu, kwa hivyo mkiona pahali adabu imeniponyoka mjue zile mbili za kwanza zilikuwa mbaya zaidi.

Jumamosi hiyo nilikuja na tepu meja. Ndiyo, kwa mkoba, kwa sababu mara ya kwanza mliniambia "hiyo ni macho tu, madam, barabara za Nairobi ndizo zimeinama." Nikaegesha kwa ile simiti yenu mbele ya geti, tairi zote nilikuwa nimezipimisha upepo asubuhi kwa petroli stesheni, hakuna mtu ndani ya gari, hakuna mzigo, nikapima kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa madigadi. Kushoto sentimita 51. Kulia 48. Soja wenu alinishikia tepu, muulizeni. Nikaenda kwa kaunta nikamsomea hizo namba yule kijana wa shati ya bluu, polepole, kwa heshima, na yeye macho yakiwa bado kwa simu akasema, "Lakini mathe, gari inalala upande wa dereva, na dereva si ni wewe?" Ndipo akainua macho akaniangalia kutoka juu mpaka chini. Watu wakacheka.

Hapo nitarudi. Wacha kwanza niongee juu ya gari, maana kwa gari hata nyinyi hamtaweza kusema mimi ni mwanamke ananung'unika tu.

Springi ndiyo inabeba gari. Shokabsoba haibebi, kazi yake ni kutuliza ile kurukaruka ukipita tuta. Hii si elimu ya chuo kikuu, mtu yeyote wa spea pale Kirinyaga Road atakuambia huku akikula mandazi. Sasa mimi naleta gari imelala, nyinyi mnaniambia shoks zimekufa, mnabadilisha mbili za mbele, 38,500 pamoja na leba, nalipa na M-Pesa bila kelele, naenda nyumbani Donholm, naegesha, naangalia, gari imelala vile vile. Shoks mpya na gari imelala vile vile! Ndiyo nikarudi Jumamosi na tepu.

Na baada ya kuchekwa bado mlichukua gari mkaingia nayo ndani, dakika arobaini hivi, ikatoka imekaa sawa. Nikapima, 50 na nusu kulia. Mkanilipisha 6,000 nyingine mkaandika "kusawazisha", ile ya kurudia bure haikufanya kazi siku hiyo, na mimi mjinga nikawashukuru. Hicho ndicho kinaniuma usiku, kwamba nilisema asante. Hakuna mtu aliniambia mmeweka spesa, kile kipande cha kuinulia gari, juu ya springi ya kulia. Hakuna. Kwa jobu kadi haimo. Niliijua wiki tatu baadaye gari ikiwa imerudi 48 na ikipita kwa tuta lolote inalia tok, tok, mpaka watoto wa jirani wakijua nimefika.

Alaimenti, ile ya kunyoosha tairi zielekee sawa, pia hamkufanya, na hata fundi wa chini ya mti anajua ukigusa springi na shoks za mbele lazima upeleke gari alaimenti. Nilienda kwa mama Nyahururu na hiyo gari. Kwa zile kona za Mai Mahiu stiringi ilikuwa inavuta kulia, na kulia kwa barabara ya Kenya ndiko malori yanatoka, sijui kama kwa hiyo ofisi yenu kuna mtu anafikiria hivyo akiweka sahihi kwa jobu kadi. Mikono ilikuwa imekufa ganzi nikifika. Tairi ya kulia imelika upande wa ndani mpaka waya zinaonekana.

Sasa sikilizeni hii. Nilipeleka gari kwa fundi Ngara, mtu hana risepshoni, hana sofa, hana mashine ya kahawa. Aliinama tu kwa tairi na tochi ya simu, hata jeki hajatoa, akasema "Mama, springi imevunjika." Raundi ya mwisho ya chini imekatika kabisa, kipande kama urefu wa kiganja kimekaa pale kwa kikombe, pale springi inakalia, kinajizungusha, hiyo ndiyo ilikuwa tok tok. Nikamwambia basi imevunjika juzi kwa shimo. Akanionyesha pale imekatika, kumejaa kutu, kutu nyeusi ya miezi mingi. Springi ikivunjika jana pale inakatika huwa inang'aa.

Halafu akaniambia kitu ambacho nyinyi mnakijua tangu mwanzo. Kwa hiyo Prado shoks ya mbele imekaa ndani ya springi. Huwezi kuitoa bila kutoa vyote viwili pamoja, ukandamize springi na kile chuma chake, uitoe, uiweke chini, halafu uirudishe kwa shoks mpya. Maanake fundi wenu alikuwa na hiyo springi iliyovunjika mkononi. Aliishika. Aliiangalia. Akairudisha kwa gari yangu, juu ya shoks mpya za bei hiyo yote, akaosha mikono. Na mliporudia wiki hiyo hiyo kuweka spesa mlitoa kila kitu tena, kwa hivyo mliishika mara ya pili!

Na bolti za kontroli amu za chini, ile mikono ya chuma inayoshika tairi, mlizikaza gari ikiwa inaning'inia kwa lifti. Zile bushi, raba zilizo kwa hizo bolti, zinatakiwa kukazwa gari ikiwa imesimama kwa tairi zake, uzito wote chini, la sivyo ukiishusha zinabaki zimejipinda muda wote na zinaisha haraka. Fundi alizilegeza, akashusha gari, akaitingisha, akakaza upya. Springi mpya akaweka mbili, kushoto na kulia, kwa sababu hizi vitu hubadilishwa kwa jozi. Sasa ni 52 kwa 52. Mimi bado ndiye dereva. Sijapungua hata kilo moja.

Na hapo ndipo narudi kwa kaunta.

Mara ya kwanza niliwaelezea kwa ufupi kwa sababu ya aibu. Sasa wacha niseme yote. Nilikuwa na kijana wangu wa kidato cha pili, amesimama nyuma yangu na amebeba mkoba wangu. Kulikuwa na wateja wanne kwa sofa, mmoja mzee wa kofia ambaye hata hatujuani na ndiye peke yake hakucheka. Nikasema 51, 48. Kijana wenu akasema "na dereva si ni wewe?" akaniangalia hivi, juu mpaka chini, akaongeza, na hii mwanzoni sikuandika, "labda tukuwekee wewe springi." Aki ya Mungu alisema hivyo. Meneja, wewe ulikuwa umesimama kwa mlango wa ofisi na kikombe cha chai. Hukucheka, nitakuwa mkweli. Ulitabasamu ukaangalia kando. Kama ungecheka ningekusamehe haraka kuliko hiyo tabasamu. Kijana wangu hakusema kitu mpaka tukafika Jogoo Road, ndipo akaniuliza, "Mum, kwani ni kweli?"

Nina kilo 84, naandika hapa ili msisumbuke kukisia. Na nilipopima gari sikuwa ndani. NILIKUWA NIMESIMAMA KANDO YAKE NA TEPU. Hata kama ningekuwa na kilo 200, mtu aliyesimama kwa simiti hawezi kulaza gari! Hiyo ni hesabu ambayo mtu wa kaunta ya gereji anafaa kuijua kabla ya kujua mzaha. Saa hiyo yote mnacheka, springi iliyovunjika ilikuwa mita kumi kutoka hapo, na fundi wenu alishaiona.

Basi nataka nini. Nilipoanza kuandika nilitaka 38,500 ya shoks na 6,000 ya spesa, jumla 44,500, ndani ya siku 14, na springi nilisema hiyo ningelipa tu kwa sababu ilikuwa imevunjika kabla niwajue. Lakini nikiandika hii barua nimekumbuka tairi, hiyo iliharibika mikononi mwenu, 21,000. Na nikifikiria tena, hizo springi, leba ya fundi na alaimenti, 26,500, ningelipa mara moja kwa mtu mmoja kama mngeniambia ukweli siku ya kwanza, kwa hivyo pia hiyo naitaka. Jumla 92,000. Na siku 14 ni nyingi, nimezifanya saba.

Pesa peke yake haitoshi. Nataka kuombwa msamaha, na si kwa wotsap wala kwa ile simu yenu ya "pole kwa usumbufu". Nataka kwa kaunta, Jumamosi, saa nne asubuhi, wateja wakiwa kwa sofa, huyo kijana na wewe Meneja wote wawili, na mtoto wangu atakuwepo.

Siku ya nane nitakuwa Milimani kwa Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiza mpaka milioni moja, wakili si lazima, na kesi inatakiwa kuisha ndani ya siku 60. Kifungu cha 46 cha Katiba kinasema mtumiaji ana haki ya huduma za kiwango kinachofaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 iko, nimeisoma nikiwa nimevaa miwani. Nakala ya barua hii itaenda pia kwa Mamlaka ya Ushindani, wao hupokea malalamiko ya wateja, nimeshauliza. Jumbe za M-Pesa ziko, picha za tepu ziko, spesa yenu iko. Fundi wa Ngara amekubali kuja kusema. Na kile kipande cha springi kiko kwa kabati ya jikoni, ndani ya karatasi ya unga, pamoja na kutu yake yote. Msijaribu kuniambia nikilete "tukiangalie". Mlishakiangalia mara mbili.

Nimeona pia kwa nakala ya jobu kadi ya pili, pale chini kwa maoni, mtu ameandika "mteja msumbufu". Mlisahau kufuta kabla ya kunipa.

Ni mimi,
Mteja Msumbufu
Donholm, Nairobi